Nimeongeza chakula, mizani ikapanda: nirudi nyuma au niendelee?

Shikamoo dada,

Nina miaka 31 na urefu wa sentimita 165. Mwaka jana nilikuwa na kilo 78, nikaamua kupunguza. Nilianza na kalori 1,700 kwa siku na mambo yakaenda vizuri, lakini kila mizani iliposimama nilipunguza tena, mpaka nikajikuta nakula 1,300 huku nanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki na kutembea kila jioni. Nikafika kilo 64. Watu walinisifu, ila mwenyewe nilikuwa hoi. Nasikia baridi wenzangu wakiwa wanatokwa na jasho, nywele zinabaki kwenye kitana, usingizi ni wa mang'amung'amu, na siku zangu zikakatika kabisa kwa miezi kadhaa.

Nikasoma kwamba dawa yake ni kuongeza chakula taratibu. Nikawa naongeza kalori 100 kila wiki hadi nikafika 1,900, na hapo nimekaa kwa zaidi ya mwezi sasa. Kusema kweli nguvu zimerudi. Nanyanyua uzito ambao zamani sikuweza hata kuusogeza, sisinzii tena mchana, na hedhi imerudi ingawa bado haina mpangilio. Kinachonitesa ni mizani. Wiki mbili za kwanza tu za kuongeza nilipanda karibu kilo moja na nusu, na sasa nachezea kwenye 66. Asubuhi moja naona 65.8 nafurahi, siku mbili baadaye ni 66.9 na siku nzima inaharibika. Naandika uzito kila siku. Wiki hii umekuwa 65.8, 66.5, 66.9, 66.2, 65.9, 66.4 na 66.0. Wiki nne nyuma ulikuwa 66.3, 65.7, 65.9, 66.6, 66.1, 65.5 na 66.2.

Rafiki ninayefanya naye mazoezi anasema nimeharibu metaboli, yaani namna mwili unavyotumia nishati, kwa hiyo nirudi kwenye 1,300 niyaondoe haya yaliyoongezeka, ndipo nianze upya. Dada yangu ninayekaa naye anasema niache kuhesabu kabisa. Kikokotoo kimoja cha kalori kimeniambia nile 1,850, kingine 2,250. Nimwamini nani? Nitajuaje kalori zinazonifaa ni ngapi? Na nisipokaza, si nitanenepa hadi nirudi 78?

Jambo la mwisho. Siku za kazi napima kila kitu, lakini Jumamosi na Jumapili sihesabu, kwa sababu tunakula pamoja nyumbani na naona aibu kuweka mizani ya jikoni mezani. Sijui kama hilo lina maana yoyote.

Ni mimi,
Niliyechoshwa na Mizani

*

Marahaba, mdogo wangu.

Usirudi 1,300. Nalitanguliza hilo ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umelipata. Mwili wako ulikwishakujibu kuhusu kiwango kile, kwa baridi, kwa nywele na kwa hedhi iliyokatika, na hakuna kitu katika takwimu ulizonitumia kinachodai urudi huko.

Tuanze na takwimu zenyewe, maana umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeandika kila siku. Nimezijumlisha na kugawanya kwa saba. Wastani wa wiki nne nyuma ni kilo 66.04. Wastani wa wiki hii ni 66.24. Katika siku 28 umepanda gramu 200. Sasa tazama ndani ya wiki hii peke yake: kati ya 65.8 na 66.9 kuna kilo 1.1 iliyokuja na kuondoka ndani ya siku chache. Yaani unachokiogopa asubuhi ni kikubwa mara tano kuliko badiliko la mwezi mzima. Maji, chumvi ya mlo wa jana usiku, chakula ambacho bado kiko tumboni, misuli inayoshika maji baada ya siku ya vyuma, siku zinazokaribia hedhi: vyote hivyo hupandisha na kushusha mizani bila mafuta ya mwili kuongezeka hata kidogo. Ndiyo maana uzito wa siku moja hauwezi kukueleza kama unakula sana au kidogo. Kinachoweza ni wastani wa wiki uliolinganishwa na wastani wa wiki nyingine, na kwa mwanamke ni bora wiki hizo ziachane kwa muda wa karibu mzunguko mmoja, kama hizi mbili zako.

Ukitaka kuzigeuza gramu hizo 200 ziwe kalori, inawezekana. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Hata tukichukulia kwamba gramu zote 200 ni mafuta, na sidhani, hizo ni kalori 1,540, ambazo ukizigawa kwa siku 28 unapata 55 kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu 120. Ziada yako yote, ikiwa ipo, haifiki nusu kijiko. Hapo ulipo ni jirani kabisa na mahali unapopatafuta.

Na ile kilo moja na nusu ya wiki mbili za mwanzo? Hiyo ndiyo iliyokutia hofu, basi tuitazame kwa karibu. Wiki ya kwanza uliongeza kalori 100 kwa siku, wiki ya pili ukafanya 200. Jumla ya nyongeza yote ya siku hizo 14 ni kalori 2,100. Hata kama ungekuwa tayari huna upungufu wowote, na kila kalori uliyoongeza ikageuka mafuta, ungepata kiasi cha gramu 270. Mafuta ya kilo moja na nusu yanataka zaidi ya kalori 11,000 za ziada. Hukuzila, kwa hiyo hayakuwa mafuta.

Yalikuwa nini? Misuli na ini huhifadhi sukari katika umbo linaloitwa glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Kwa mtu mzima ghala hilo likijaa hufikia kama nusu kilo ya glaikojeni, bila kuhesabu maji yake. Mtu anayekula kidogo kwa miezi huku ananyanyua vyuma, ghala lake huwa nusu tupu muda wote. Akianza kula, linajaa, na maji yanaingia nalo. Ukiongeza chakula kilichozidi tumboni na chumvi iliyokuja nacho, kilo moja na nusu inapatikana bila shida. Ni glaikojeni hiyohiyo inayokuwezesha kunyanyua vyuma ambavyo zamani vilikushinda. Ningependa uliweke hili moyoni: zile kilo 64 zilikuwa uzito wa mwili uliokaushwa. Kuanzia sasa hesabu zako zianzie 66, siyo 64.

Rafiki yako anakutakia mema, lakini metaboli haiharibiki. Hupungua kasi. Mtu akila kidogo kwa muda mrefu, mwili hubana matumizi: homoni za thairoidi, tezi ya shingoni, hushuka, joto hushuka, uzazi huwekwa kando, na mtu mwenyewe hupunguza kujisogeza bila kujua. Utafiti mkubwa wa jambo hili ulifanywa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 wenye afya walijitolea kulishwa karibu kalori 1,570 kwa siku kwa muda wa wiki 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao, wakawa wanasikia baridi hata kukiwa na joto, wakachoka, na mawazo yao yote yakahamia kwenye chakula. Baadhi ya hayo umeniandikia wewe mwenyewe. Ilipofika zamu ya kuwarudishia chakula, nyongeza ndogondogo hazikutosha kuwainua. Walianza kupona sawasawa walipopewa chakula tele. Angalia basi ulichoshauriwa: mwili ndio kwanza umeanza kulegeza mkaja, nawe uukaze tena. Utashusha maji, mizani itakufurahisha wiki moja, kisha utarudi kwenye baridi na nywele, na safari ya kupanda utaianza upya kutoka chini.

Kuhusu vikokotoo, vyote viwili vinaweza kuwa vimefanya hesabu sahihi. Kanuni inayotumiwa zaidi ilichapishwa mwaka 1990 na inajulikana kama Mifflin-St Jeor. Kwa mwanamke unazidisha kilo kwa 10, unajumlisha sentimita za urefu ukizizidisha kwa 6.25, unatoa umri mara tano, kisha unatoa 161. Kwako wewe mwenye kilo 66 inakuja karibu 1,375, nishati ambayo mwili ungetumia ukiwa umelala tu kutwa. Halafu inazidishwa kwa makisio ya shughuli zako, na hapo ndipo vikokotoo vinapoachana. Kimoja kikikuona mtu wa kukaa kitazidisha kwa 1.3 na ushee, kingine kitazidisha kwa 1.6 kwa sababu ya vyuma na matembezi. Kwa mazoezi yako mimi ningeshika 1.5, ambayo inaleta kama 2,060. Lakini hata hilo ni kianzio tu.

Kwa nini kianzio tu? Kwa sababu miili hutofautiana kuliko kanuni inavyoweza kujua. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha matokeo ya watu 16 waliolishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao kila siku kwa wiki nane. Wote walipewa ziada ileile. Aliyeongezeka mafuta kidogo kabisa hakufika nusu kilo. Aliyeongezeka zaidi alipita kilo nne. Tofauti hiyo ilielezwa zaidi na mwendo ule usio mazoezi: kusimama, kupanda ngazi, kutembeatembea unapoongea na simu, kutotulia kitini. Wengine wakila zaidi miili yao huchangamka na kuunguza sehemu kubwa ya nyongeza. Dalili moja ya kwamba nawe una kitu cha namna hiyo umeitaja mwenyewe: husinzii tena mchana. Kwa hiyo kalori zako sahihi hazijulikani kwa kanuni wala kwa rafiki. Hujulikana kwa kula kiasi kilekile muda wa kutosha na kutazama wastani, na zinakuja kama upana wa kalori 150 au 200 hivi, ambamo unaweza kula zaidi leo na pungufu kesho bila uzito kwenda popote.

Sasa nije kwenye lile uliloliweka mwisho kana kwamba ni dogo. Siku za mwisho wa wiki zina maana kubwa sana. Tuseme siku tano unakula 1,900 barabara, na siku mbili unakula 2,500, kiasi cha kawaida kabisa kwa mlo wa pamoja usiopimwa. Jumla ya wiki ni 14,500, wastani 2,070 kwa siku. Unadhani uzito wako umetulia kwenye 1,900 kumbe umetulia kwenye 2,070. Na siyo wewe peke yako. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliokuwa wakilalamika kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo; walipopimwa kwa njia za maabara ikaonekana chakula walichokiandika kilikuwa karibu nusu tu ya walichokula. Wengi hukosea bila kukusudia kudanganya. Mafuta humiminwa kwa jicho, karanga huliwa kwa kiganja, na mchele hupimwa mbichi halafu mtu anachagua wali uliopikwa kwenye programu ya simu. Huo wa wali ni mtego mbaya: gramu 100 za mchele mkavu zina kalori 360 hivi, lakini gramu 100 za wali uliopikwa zina karibu 130.

Usahihi wa maabara huuhitaji. Ukiwa unazidisha kidogo kila siku kwa namna ileile, namba yako bado inakufaa, kwa sababu unajilinganisha na wewe mwenyewe. Kinachovuruga ni kupima siku tano na kufumba macho siku mbili. Mizani ya jikoni iache kabatini Jumamosi na Jumapili. Muulize anayepika ametumia vijiko vingapi vya mafuta, gawanya kwa idadi ya mliokula, kisha jioni andika makisio ya sahani yako kwa jumla. Kosa la kalori 200 kwenye makisio ni dogo kuliko kuacha ukurasa mtupu.

Nini ufanye, basi? Wengine wangekuambia ubaki hapo ulipo, na kwa uzito peke yake wangekuwa na haki. Mimi nashauri upande tena kidogo. Sababu yangu ni hedhi. Imerudi lakini inayumba, na mwili unaokuwa na wasiwasi wa chakula siku tano kati ya saba huwa haujashawishika kwamba njaa imekwisha. Siku za kazi panda hadi 2,050. Siku za mwisho wa wiki kula kama unavyokula sasa, ila uandike. Hizo kalori 150 zile kabla na baada ya mazoezi, zaidi ziwe wanga, na protini yako ifike kama gramu 105 kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo. Kisha usiguse kitu.

Hapo kwenye kutogusa ndipo wengi huanguka. Wiki ya kwanza mizani itaruka tena kwa sababu ya maji na chakula tumboni, kwa hiyo wastani wake usiuhesabu. Anza na wastani wa wiki ya pili, halafu uulinganishe na ule utakaoupata wiki nne baadaye. Ukitaka kujua hatari iliyopo, ni hii: kama mwili wako usingechangamka hata kidogo, ungeongezeka nusu kilo na ushee kwa mwezi. Hicho ndicho kikomo cha juu cha kulipia jibu unalolitafuta, na naona ni bei nafuu kwa mtu ambaye nywele zilikuwa zinamtoka. Ikiwa wastani umepanda pungufu ya gramu 400, kaa hapo, umepata kiwango chako. Ukiwa haukusogea au umeshuka, ongeza 100 nyingine siku za kazi. Ukizidi nusu kilo, punguza 100, siyo 700, na uangalie mwezi mwingine.

Kurudi 78 kunakutisha, na naelewa, uliteseka kuzishusha. Lakini kilo 12 za mafuta ni kalori 92,000 za ziada. Kwa ziada ya 55 kwa siku ingechukua zaidi ya miaka minne, tena kama mwili ungebaki vilevile, na haubaki: kadiri uzito unavyopanda ndivyo matumizi yake yanavyopanda, hadi ziada ndogo kama hiyo inaisha yenyewe. Watu hurudi kwenye uzito wa zamani kwa njia nyingine, mara nyingi wakitoka kwenye kujinyima kukali moja kwa moja hadi kula bila breki. Wewe umepanda ngazi kwa ngazi na umesimama. Kwa urefu wako, kilo 66 ni uzito wa afya.

Dada yako anayesema uache kuhesabu nampa haki nusu. Siku itafika, baada ya miezi kadhaa ya uzito uliotulia, utajua sahani yako kwa macho na njaa yako kwa tumbo. Kwa sasa tumbo lako limezoea kuambiwa linyamaze, na ishara zake za njaa na shibe bado si za kutegemewa. Hesabu hadi hedhi ikae sawa, kisha anza kuacha siku moja moja.

Nenda kwa daktari pia, na usingoje hadi mambo yaharibike. Hedhi iliyokatika kwa miezi inahitaji kuchunguzwa hata kama imeanza kurudi: apime damu, tezi ya thairoidi, akuulize habari ya mimba, akuulize kuhusu mifupa. Homoni za uzazi zikishuka kwa muda mrefu mifupa hupungua uimara, na hilo halionekani kwenye kioo wala kwenye mizani. Mweleze wazi ulikuwa unakula kiasi gani na kufanya mazoezi kiasi gani, maana wengi huja na malalamiko ya nywele na uchovu bila kutaja chakula. Umeandika kwamba namba ya asubuhi huiharibu siku yako nzima. Mwambie na hilo, hasa ukiona unaanza kuogopa kula.

Kwa hiyo wiki hizi zijazo panda kwenye mizani ukiwa umeipa kisogo. Dada yako asome, aandike, asikwambie kitu hadi Jumapili, na Jumapili akupe wastani peke yake. Wiki zikitimia niandikie tena: wastani wa kila wiki, kalori zako ukijumlisha za Jumamosi na Jumapili, na tarehe hedhi ilipoanza.